Jeraha Lisilotoka Damu



Dada zangu wapenzi, wiki tatu zilizopita, baada ya darsa ya Alhamisi, mama mmoja alinivuta kando akaninong'oneza. Mwanawe alipata ajali ya bodaboda miezi minane nyuma. Mguu umepona, lakini usiku halali, na akisikia honi ya gari hutetemeka kama aliyeshikwa na homa. Akaniuliza, "Nasikia wewe ulikwenda mahakamani kwa jambo kama hili. Ni kweli? Na yafaa kwa mtu kudai pesa kwa ajili ya hofu?"

Nilimjibu kwa ufupi, kwani watu walikuwa wakipita. Nilipofika nyumbani niliona kuwa jibu langu halikutosha. Ndipo nikaomba nafasi katika ukurasa huu nimjibu kwa ukamilifu, yeye na wengine wenye swali hilo ambao hawajapata mtu wa kumnong'oneza.

Mimi ni mshonaji. Kwa miaka 15 nimeshona mabuibui na nguo za harusi katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, Kibokoni. Wateja wangu wengine walikuwa Mtwapa na Kilifi, nami nilikuwa nikiwaendea majumbani kuwapima na kuwapelekea nguo zao. Sikuwa mtu wa kuogopa safari.

Mwezi wa Shaaban mwaka wa 2018, mvua za masika zikinyesha, nilipanda matatu ya abiria 14 kwenda Malindi kwenye harusi ya binti wa binamu yangu. Mapajani nilipakata kikapu cha asumini kilichofunikwa kwa kitambaa kibichi, maua ya kutungia vikuba vya bibi harusi na wenzake. Kando yangu alikaa mwanamke kijana nisiyemjua. Tulisalimiana, akanisifia harufu ya maua. Nikampa machache, akayatia ndani ya ushungi wake akicheka.

Tulikuwa tumekwisha kulivuka daraja la Mtwapa. Dereva alitoka nyuma ya lori ili alipite, na gari jingine likatokea mbele yetu. Sitayaeleza yote niliyoyaona. Itoshe kusema kuwa gari letu lilibingirika likaanguka kando ya barabara, kwamba yule dada alinishika mkono tukiwa tumebanwa pamoja, na kwamba vidole vyake vililegea kabla watu hawajafika kututoa. Harufu ya dizeli na ya asumini zilikuwa zimechanganyika.

Mimi nilivunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Kila aliyekuja kunijulia hali alisema, "Alhamdulillahi, umetoka salama." Nami niliitikia Alhamdulillahi, na niliisema kwa moyo. Mkono ulitiwa plasta, chakula kililetwa na majirani, dua zikasomwa. Ilionekana kuwa jambo limekwisha.

Lakini halikuwa limekwisha. Kila nilipofumba macho nilikisikia kishindo kile kile, na nilikisikia kwa masikio, si kama mtu anayekumbuka jambo lililopita. Niliamka usiku nimekamata mkono wa mume wangu kwa nguvu hata akaumia. Nilianza kuwagombeza watoto kwa kuangusha kijiko. Barabara ya Digo, ambayo nimeivuka tangu utotoni, nilisimama ukingoni mwake nikashindwa kuivuka. Na la ajabu zaidi lilikuwa harufu. Jirani aliingia siku moja amevaa kikuba cha asumini, nikahisi pumzi zinanikatika, jasho likanitoka, nikakimbilia msalani kutapika. Mpwa wangu alipoolewa mwezi wa Shawwal, mimi niliyemshonea nguo yake sikuweza kuingia ukumbini. Niliketi nje kwenye ngazi, nikawaambia watu kuwa kichwa kinaniuma.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alisema ni jicho. Nilisomewa, nikanywa maji ya dua, na siwezi kulidharau hilo, kwa kuwa saa za kisomo ndizo zilizokuwa saa zangu za utulivu. Lakini kisomo kilipokwisha, kishindo kilirudi. Nikaanza kujilaumu. Nilijiambia kuwa imani yangu ni dhaifu, kuwa kuna waliokatwa miguu wanaocheka, nami kwa kifundo cha mkono nimekuwa mzigo kwa watu wa nyumbani.

Aliyenifumbua macho alikuwa muuguzi. Nilikwenda kuondolewa plasta, naye badala ya kuuliza habari za mkono akauliza, "Mama, unalala?" Nikalia mbele yake kama mtoto. Akaniandikia barua niende kwa daktari wa magonjwa ya akili. Ile barua ilikaa ndani ya kabati kwa wiki tano. Mnajua jinsi tunavyowataja wanaokwenda kwa madaktari hao. Nilimwogopa atakayeniona mlangoni kuliko nilivyouogopa ugonjwa wenyewe.

Nilipokwenda hatimaye, daktari alinisikiliza kwa saa nzima. Kisha akanieleza kuwa ninalolipitia lina jina katika elimu ya tiba. Ni ugonjwa wa mfadhaiko unaofuata kiwewe, na madaktari wa Marekani waliuingiza rasmi katika orodha yao ya maradhi mwaka wa 1980. Akazitaja dalili zake: tukio kujirudia katika ndoto na katika macho, mtu kukwepa kila kinachomkumbusha, moyo kufa ganzi au kujaa lawama, na mwili kuwa macho muda wote kama askari wa zamu. Dalili hizo zikidumu zaidi ya mwezi na kumzuia mtu kuishi maisha yake, basi huo ni ugonjwa, na unatibika. Nikamuuliza kama ni upungufu wa imani. Akasema, "Je, mkono wako ulivunjika kwa upungufu wa imani?"

Katika kipindi hicho hicho ndipo habari ya fidia ilipoingia nyumbani kwetu, nayo iliingia kwa mlango mbaya. Alikuja kijana mmoja nadhifu, mmoja wa wale wanaozungukia hospitali na vituo vya polisi wakiwatafutia mawakili wateja. Alikuwa na jina langu na tarehe ya ajali. Akaniambia kuwa mkono pekee hauleti pesa nyingi, na kwamba hofu haileti pesa kabisa, ila tukisema shingo na uti wa mgongo vimeumia, yeye anamjua daktari atakayeandika hivyo. Mume wangu alimsindikiza hadi mlangoni kwa adabu, lakini maneno yake yalibaki ndani ya nyumba. Wakati huo nilikuwa sishoni. Karo ya watoto wawili ilikuwa imechelewa.

Ami wa mume wangu aliposikia habari za kudai alichukizwa. "Haya ni makadirio ya Mungu," alisema. "Mtu hauzi msiba wake. Tena kwa hofu? Watu watatucheka." Sikumjibu, kwani ni mkubwa wetu na alisema kwa kutujali. Lakini nilikwenda kwa ustadhi anayetusomesha nikamweleza yote, pamoja na yule kijana na habari za shingo.

Ustadhi alinijibu kwa utaratibu. Alisema kuamini makadirio hakuondoi dhamana ya aliyesababisha madhara. Qur'ani Tukufu, katika Suratun-Nisaa, imeweka diya kwa aliyeuawa kwa makosa, juu ya kuwa muuaji hakukusudia, na ikaacha mlango wa kusamehe kwa mwenye haki. Wanavyuoni wa fiqhi wakazungumzia pia viungo na majeraha, hata akili ya mtu ikipotezwa kwa kupigwa waliihesabu kuwa ina diya kamili. Madhara yasiyo na kipimo maalumu wakamwachia hakimu ayakadirie. "Kwa hiyo," akasema, "si jambo geni kwamba kuna madhara yasiyoonekana kwa jicho na yana haki yake. Ukitaka kusamehe, samehe ukijua unachokisamehe. Na ukitaka kudai, dai. Lakini ile shingo ikimbie. Shilingi utakayoipata kwa shingo isiyouma itaila baraka ya zote."

Akaniambia vilevile nisipoteze muda kwa Kadhi, kwani Katiba yetu ya mwaka wa 2010 imeiwekea Mahakama ya Kadhi mipaka: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu. Madai ya ajali huenda katika mahakama za kawaida.

Nilitafuta wakili mwanamke, nikampata kwa kuulizauliza kwa jamaa. Siku ya kwanza alinieleza mambo ambayo ningependa kila nyumba iyajue, nami nayaandika hapa kama nilivyoyafahamu.

La kwanza ni muda. Madai ya kuumizwa kwa uzembe wa mtu yafunguliwe mahakamani ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali. Na kama anayedaiwa ni Serikali, muda ni miezi 12 tu. Wengi hukaa wakisubiri wapone kwanza, na wanapopona haki yao imekwisha muda.

La pili ni karatasi. Ajali iandikwe katika kitabu cha matukio cha polisi, upate ile hati ya polisi inayoitwa abstrakti, na fomu ya P3 ijazwe na daktari. Kila risiti iwekwe, hata ya panadol, kwa maana mahakama hairudishi gharama ambayo haikutajwa katika madai na kuthibitishwa.

La tatu ni bima. Sheria inalazimisha kila gari la barabarani liwe na bima ya kuwafidia watu wengine wanaoumizwa, na kiwango cha juu ambacho bima hiyo hulazimika kumlipa mtu mmoja ni shilingi milioni 3.

La nne ni malipo ya wakili. Sheria ya mawakili ya Kenya haiyatambui makubaliano ya kwamba wakili atalipwa akishinda tu. Anayekuja kwako na maneno hayo, muulize maswali. Sisi tulikubaliana nimlipe kidogo kidogo, kwa risiti.

Na la tano ndilo lililonihusu hasa. Nilimuuliza kama hofu yangu ina nafasi katika sheria. Alisema sheria haimlipi mtu kwa huzuni wala kwa kushtuka tu, kwa kuwa hayo humpata kila mwanadamu. Lakini mshtuko ukizaa ugonjwa wa nafsi unaotambuliwa na madaktari, na daktari bingwa akauthibitisha, basi hayo ni madhara ya mwili kama kuvunjika mfupa. Akanisimulia kesi ya Uingereza ambayo mawakili wa nchi zilizorithi sheria hiyo huisoma, ya McLoughlin na O'Brian. Mama mmoja alikuwa nyumbani jamaa zake walipogongwa na lori mwaka wa 1973. Alipelekwa hospitali akawakuta mumewe na watoto wake wamejaa matope na mafuta, na binti yake mdogo amekufa. Yeye hakuguswa hata ukucha, ila akili yake iliumia. Mwaka wa 1982 mahakama ya juu kabisa ya huko iliamua kuwa ana haki ya kufidiwa. Nilipoisikia habari hiyo nililia kwa ajili ya mama yule, na mara ya kwanza nilijihurumia bila kuona aibu.

Tulifungua kesi mwanzoni mwa 2019, dhidi ya dereva na mwenye gari. Haukupita muda mrefu bima ikaleta ahadi ya shilingi 120,000 kwa ajili ya mkono, na hati ya kutia sahihi. Dada zangu, siku ile nyumbani kwetu hapakuwa na amani. Mume wangu alikuwa amekopa kwa watu watatu. Aliiweka ile hati juu ya cherehani yangu na kusema kwa sauti ya chini, "Tia sahihi, Mama Salma, tupumzike." Hakuwa mtu wa kunilazimisha, ndiyo maana ombi lake lilinielemea. Nilishika kalamu. Lakini wakili alikuwa amenionya kuwa hati ya namna hiyo hufunga madai yote, yaliyotajwa na yasiyotajwa. Nikamwambia mume wangu, "Wamelipia mkono. Mkono umepona. Kisichopona hakimo katika karatasi hii." Alinyamaza sana, kisha akaichukua hati akaikunja. Kesho yake aliuza pikipiki yake. Hajapata kunitajia jambo hilo hadi leo.

Wakati kesi inasubiri, matibabu yaliendelea, nayo ndiyo yaliyonirudisha katika maisha. Mshauri nasaha alinipeleka hatua kwa hatua. Kwanza kuyatazama magari pale kituoni kutoka mbali. Kisha kuketi ndani ya tuktuk iliyosimama, kaka yangu yuko kando yangu, nikihesabu pumzi. Kisha kwenda nayo hadi Makadara na kurudi. Baadaye daktari akaniuliza kama kuna mahali ambapo natamani kufika na siwezi. Nikasema, "Kilifi, kwa mama yake yule dada."

Nilikuwa nimelipata jina lake kituo cha polisi na kuuliza kwao ni wapi. Mwishoni mwa 2019, kaka yangu aliazima gari la rafiki yake tukaenda polepole. Tulisimama mara nne njiani. Daraja la Mtwapa nililivuka nimejifunika uso kwa mtandio. Mama yule alinipokea, akanikalisha mkekani, na jambo la kwanza aliloniuliza ni kama mwanawe alikuwa peke yake. Nikamwambia hakuwa peke yake, alinishika mkono hadi mwisho, na alikuwa ametoka kucheka. Aliniomba nimwelezee vile alivyocheka. Nilimwelezea.

Nilimuuliza pia kama wamedai chochote. Hakuwa akijua kwamba inawezekana. Marehemu alikuwa akiwalea wazazi wake na mtoto mmoja. Nikamweleza nilivyofundishwa: kwamba wategemezi wa aliyefariki katika ajali wana haki ya kudai chini ya sheria inayohusu vifo vya ajali, na kwamba wao pia wana miaka 3, tangu siku ya kifo. Mwaka mmoja na nusu ulikuwa umekwisha kupita.

Corona ilipoingia nchini Machi 2020 shughuli za mahakama zilipunguzwa, na zamu yetu ikaahirishwa. Ilisikizwa mwisho wa mwaka huo. Niliapa kwa Msahafu mkononi, na uzito wake niliuhisi kuliko nilivyowahi kuuhisi nikiusoma. Wakili wa upande wa pili hakuwa mtu mbaya, alikuwa akifanya kazi yake. Aliniuliza kama nilifunga mkanda. Nikasema mkanda ulikuwepo, kishikizo chake hakikuwepo. Akauliza kama kabla ya ajali niliwahi kuwa na huzuni kubwa. Ningeweza kukataa. Nikasema ndiyo, nilifiwa na mtoto mchanga mwaka wa 2011, na nilikaa miezi mingi nikilia. Wakili wangu aliinamisha kichwa akiandika. Kisha akauliza, "Unaliambia korti kuwa unaogopa maua?" Watu wawili watatu nyuma walicheka. Nikasema, "Naogopa asumini. Maua mengine siyaogopi."

Swali lake la mwisho ndilo lililokuwa zito. "Tangu ajali, umepata kusafiri kwa gari kupitia barabara hiyo hiyo?" Hakuna aliyejua safari ya Kilifi isipokuwa kaka yangu, mume wangu, mshauri wangu na yule mama. Nikakumbuka maneno ya ustadhi kuhusu shingo. Nikasema, "Ndiyo, mara moja." Akauliza, "Basi umepona?" Nikamjibu kuwa nilikwenda kwa sababu mama wa marehemu alikuwa na haki ya kujua, na kwamba niliporudi sikulala siku tatu. Hakuuliza tena.

Nilitoka nikiamini kuwa kwa ulimi wangu mwenyewe nimeiharibu kesi, na pikipiki ya mume wangu imeuzwa bure.

Hukumu ilitolewa mwanzoni mwa 2021. Hakimu aliandika kuwa ripoti ya daktari wetu ilithibitisha ugonjwa, na kwamba daktari aliyeteuliwa na bima, aliyenipima kwa upande wao, hakuupinga ila alisema utapungua kwa muda. Akaandika pia kuwa mdai alijibu maswali hata pale jibu lilipomdhuru, na kwa hiyo hana sababu ya kutomwamini katika mengine. Alinipa shilingi 550,000 kwa maumivu ya mwili na ya nafsi kwa pamoja. Kwa gharama zilizokuwa na risiti na kwa kazi niliyoikosa, alinipa shilingi 212,000.

Katika hili la kazi, shahidi wangu alikuwa daftari. Sikuwa na leseni ya duka wala hesabu za benki. Nilikuwa na daftari la shule ninaloandika jina la mteja, vipimo, tarehe na malipo. Kurasa za kabla ya Shaaban zilikuwa zimejaa hadi pambizoni. Zilizofuata zilikuwa nyeupe. Hakimu alizifungua moja moja. Enyi mnaopika mahamri, mnaosuka, mnaoshona na mnaouza udi majumbani, andikeni. Kazi isiyoandikwa ni vigumu kuonyesha kuwa ilipotea.

Pesa zilipungua kidogo kuliko tulivyoomba, na zilichelewa miezi kabla ya kulipwa. Tulilipa madeni, daktari na wakili, tukanunua pikipiki nyingine, si mpya. Mtu asije akadhani kuwa fidia ilinipa usingizi. Usingizi ulirudi kwa matibabu, kwa dua na kwa subira ya watu wa nyumbani, nao ulikuwa umeanza kurudi kabla ya hukumu. Kilichonipa hukumu ni jambo jingine. Kwa miaka karibu mitatu nilikuwa nikiambiwa, kwa upole na kwa mapenzi, kuwa nimetoka salama. Sasa mtu asiyenijua, asiye jamaa yangu wala adui yangu, alikuwa amesikiliza pande zote mbili na kuandika kuwa sikutoka salama.

Ami wa mume wangu aliomba kuisoma hukumu. Aliisoma na miwani yake, ukurasa kwa ukurasa, kibarazani. Alipoimaliza alisema, "Sikujua kuwa ni hivi." Kisha akaniambia jambo ambalo hata wanawe hawakulijua. Ujana wake alikuwa baharia, na kuna jahazi alilokuwamo lililozama, na hadi leo halali chumba kisicho na dirisha wazi. Alikuwa na umri wa miaka 78. Nilifikiria ni usiku mangapi huo.

Familia ya Kilifi walifungua madai yao kabla ya muda kuisha, nami niliwatolea ushahidi. Yao bado yanaendelea.

Basi, mama uliyeninong'oneza baada ya darsa, jibu langu ni hili. Mpeleke mwanao kwa daktari kwanza, wala usingoje aibu iondoke, kwani haiondoki yenyewe. Hesabu siku tangu ajali. Tafuta abstrakti na P3, weka risiti, na usiruhusu mtu atie sahihi karatasi ambayo hamjaielewa. Mkiamua kusamehe, hilo ni jambo tukufu na ni haki yenu, lakini msisamehe kwa kudhani kuwa hakuna kilichoumia. Na mkiamua kudai, mfundishe aseme kilichomsibu kama kilivyo, kisizidi wala kisipungue.

Kuhusu mimi, asumini bado siivai. Mwezi uliopita palikuwa na harusi hapa mtaani, nikaingia ukumbini. Nilikaa karibu na mlango, na wifi yangu akakaa kando yangu bila kuniuliza neno. Harufu ilipokuja nilihesabu pumzi. Niliondoka baada ya bibi harusi kuingia. Nilimwona vizuri. Nguo yake niliishona mimi.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wa mwili na wa nafsi, awarehemu waliotangulia, na awalinde wasafiri wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.